Basi la Nyaya na Vituo vya Mlimani

Tangu treni ya umeme ilipoanza kuleta abiria Morogoro, Juni 14, 2024, wajukuu wangu wamepata la kunifundisha. Wananieleza jinsi kichwa cha treni kinavyochukua umeme kwenye waya ulio juu, volti 25,000, na jinsi safari ya kutoka Dar es Salaam ilivyopungua hadi chini ya saa mbili. Nawasikiliza mpaka wamalize. Kisha nawaambia kwamba karibu miaka hamsini iliyopita nilikuwa nikipanda basi, basi la matairi ya mpira linalopita barabarani na magari mengine, nalo lilivuta umeme kwenye nyaya, likakwea mlima na kushuka upande wa pili mpaka baharini. Hapo wanatazamana. Mmoja aliwahi kuniuliza kama basi hilo lilikuwa na reli. Halikuwa nayo. Nimeona heri niandike, maana niliyojifunza ndani ya basi lile yanahusu milima yetu kuliko yanavyohusu umeme.

Mimi ni mtu wa Mgeta, upande wa magharibi wa Uluguru, jirani na Nyandira. Kwetu ni juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Morogoro mjini ni kama mita 500. Tofauti hiyo ndiyo iliyotupa baridi, na baridi ikatupa kabichi, karoti, njegere, viazi na fyulisi ambazo watu wa bondeni hawawezi kuzilima. Tofauti hiyohiyo ndiyo iliyotutesa. Kila tulichouza kilishuka kilometa nzima ya mwinuko, na kila tulichonunua, iwe chumvi, mafuta ya taa au bati, kilipanda kilometa hiyohiyo. Mama alishuka na tenga kichwani juu ya ngata, akapanda na mzigo mwingine. Mjomba, ambaye kwetu Waluguru ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake, alikuwa utingo wa Landirova iliyokuwa ikipakia mizigo ya watu hadi Sangasanga, kwenye barabara kuu. Gari hilo liliondoka lilipojaa. Masika ikikata njia halikuondoka kabisa, na kabichi zikaozea kwenye matenga.

Mjomba alikuwa na neno alilopenda kulirudia kuhusu wakoloni. Kati ya 1950 na 1955 serikali ya Waingereza iliendesha mradi mkubwa wa kuwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Watu waliuchukia. Mwaka 1955 ghasia zilizuka upande wa Matombo, polisi wakapiga risasi, mtu akafa, na mradi ukafa naye. Mjomba alisema: “Walipanda mlima wote huu kuja kutufundisha kulima. Hakuna hata mmoja aliyeuliza tunashukaje.”

Mwaka 1973 nilipata nafasi ya kusomea udaktari katika Umoja wa Kisovieti. Nilipelekwa Simferopol, mji mkuu wa Crimea, rasi inayoingia katika Bahari Nyeusi. Chuo cha Tiba cha Crimea kilikuwa kikipokea wanafunzi wa kigeni, nasi Waafrika tulikuwa kundi la kutosha kuanzisha timu ya mpira na kugombana juu ya nani apike ugali. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa lugha. Nilikuwa bado sijaweza kuagiza mkate kwa ufasaha nilipoanza kuzurura mjini kwa trolibasi, yaani mabasi ya nyaya.

Magari hayo yalitengenezwa na kiwanda cha Škoda huko Czechoslovakia. Yalikuwa kama basi la kawaida, ila juu ya paa yalikuwa na mikono miwili mirefu iliyolala kuelekea nyuma na kugusa nyaya. Mwenzetu kutoka Bukoba alipoyaona mara ya kwanza alisema, “Senene hao!” Jina likashika miongoni mwetu Watanzania. Mpaka tunaondoka tuliambiana, “Tupande senene.”

Kwa nini mikono miwili? Treni huchukua umeme juu na kuurudishia kwenye reli chini. Tairi la mpira halipitishi umeme, kwa hiyo basi linahitaji waya wa kuleta na waya wa kurudisha, volti 600 hivi za umeme wa mkondo mmoja. Mikono ile huzunguka kidogo, na dereva anaweza kuhama upande mmoja wa barabara kukwepa shimo au gari lililosimama bila kuachana na nyaya. Akipita kiasi, mikono huchomoka na kurukaruka hewani, na gari linakufa hapohapo. Basi dereva hushuka, huvaa glavu, huenda nyuma na kuvuta kamba mbili zilizofungwa kwenye mikono, akailenga tena mmoja mmoja mpaka ikae. Madereva wengi walikuwa wanawake. Nimewaona wakifanya kazi hiyo kwenye theluji, kimya, bila kumlaumu mtu, abiria wakisubiri ndani.

Nyaya zina sheria zake. Senene wa nyuma hawezi kumpita wa mbele, maana wote wananing'inia kwenye njia moja. Mmoja akiharibika, lazima mikono yake ishushwe ili wengine wapite. Umeme ukikatika kwenye kipande, magari yote ya kipande hicho husimama kwa safu. Barafu ikiganda kwenye waya alfajiri, cheche za buluu huruka kila hatua. Ili mfumo huo ufanye kazi, kulikuwa na vituo vidogo vya umeme vimepangwa kando ya njia nzima, mafundi wa zamu, magari yenye majukwaa ya kupandia kwenye nyaya, na mtu ofisini anayejua kila gari liko wapi. Abiria hakuyaona hayo. Aliona basi linakuja.

Nauli ya trolibasi mjini ilikuwa kopeki 4. Kondakta hakuwapo. Palikuwa na kisanduku. Unatumbukiza sarafu, unazungusha, unakata tiketi yako mwenyewe. Gari likijaa usiweze kukifikia, unampa sarafu mtu aliye mbele yako, naye anampa wa mbele yake, na baada ya muda tiketi inarudi mkono kwa mkono mpaka kwako. Mwanzoni niliitazama sarafu yangu ikiondoka kama mtu anayeaga. Haikupotea. Wanafunzi walikuwa na mchezo wao: tiketi ilikuwa na tarakimu sita, na jumla ya tatu za kwanza ikilingana na jumla ya tatu za mwisho, hiyo ni tiketi ya bahati, unatakiwa kuila. Siku ya mtihani wa anatomia nilimwona jirani yangu akitafuna karatasi kwa utulivu mkubwa. Alifaulu.

Lakini la kusimulia hasa ni lile lililotoka nje ya mji. Mbele ya stesheni ya reli ya Simferopol palikuwa na kituo kikubwa cha trolibasi za kwenda Alushta na Yalta. Njia ya Yalta ina urefu wa kilometa 86, na mpaka leo hakuna njia ya trolibasi ndefu kuliko hiyo duniani. Ilichukua kama saa mbili na nusu. Tiketi zake ziliweza kununuliwa Moscow au Kyiv pamoja na tiketi ya treni, na majira ya joto magari yalifuatana karibu karibu, yamebeba watu wa bara waliokuja kuota jua.

Kwa ajili ya hao ndiyo nyaya zilijengwa. Crimea ilihamishiwa Ukraine 1954, na wakubwa walitaka wafanyakazi wafike kwenye nyumba za mapumziko za pwani bila taabu. Reli haikufika pwani hiyo. Kuipitisha milimani kungehitaji mahandaki na fedha nyingi. Mabasi ya petroli yalihema kwenye kona za barabara ya zamani na kujaza moshi pwani ambako watu walipelekwa kutibiwa vifua. Wakachagua nyaya. Barabara ikapanuliwa na kunyooshwa, na kipande cha Simferopol hadi Alushta kilifunguliwa 1959 baada ya ujenzi usiofikia mwaka mmoja. Yalta ilifikiwa 1961.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa wakati wa masika yao, miti ya matunda imechanua. Gari liliacha mji, likafuata bonde la mto Salgir, kisha barabara ikaanza kuinuka. Nilitega masikio kungoja mlio niliouzoea tangu utoto, ule wa Landirova inapobadilishwa gia kwenye mlima wa Langali, ikinguruma na kukohoa kama itazimika. Haukuja. Gari lilikwea kwa mvumo mmoja, limejaa watu, likafika kwenye mpito wa Angarsky, mita 752, mlima Chatyr-Dag ukiwa umesimama kulia kwetu. Kushuka kulinishangaza zaidi. Mota ileile iliyotupandisha iligeuzwa kuwa breki, ikashika mwendo wa gari lote hadi Alushta. Mtu wa Mgeta anajua kwamba kinachoua mlimani ni kushuka.

Nilipoizoea njia hiyo niliacha kutazama milima na kuanza kutazama vituo. Pamoja na magari ya moja kwa moja ya watalii, yalikuwapo ya wenyeji, ambayo yalisimama kila kijiji: Dobroye, Zarechnoye, Perevalnoye. Kila kituo kilikuwa na kibanda cha kujikinga na mvua na ubao wa saa. Bibi aliyefunga kitambaa kichwani anasimama na ndoo mbili za cheri. Gari linafika saa iliyoandikwa. Anapanda, anaziweka ndoo miguuni, anashuka sokoni Simferopol, na mchana yumo ndani ya gari la kurudi, ndoo tupu. Baadaye yaliletwa hata malori ya nyaya, yaliyotengenezwa Kyiv, yenye mikono miwili juu kama mabasi, kwa ajili ya mizigo. Nilikaa na mabibi hao nikawaza ngata ya mama. Nyaya hazikujengwa kwa ajili yao. Zilijengwa kwa ajili ya mtu wa Moscow anayekwenda kuogelea. Lakini mtu fulani ofisini alikuwa ameamua kwamba zikipita kijijini, gari litasimama.

Kulikuwa na jambo jingine kuhusu vijiji hivyo, na sikuambiwa darasani. Mwanafunzi mwenzangu, mwenyeji, alinieleza siku moja tukiwa wawili tu nje ya mji. Perevalnoye zamani iliitwa Angara. Dobroye iliitwa Mamut-Sultan. Wenye vijiji hivyo walikuwa Watatari wa Crimea, Waislamu, wakulima wa milimani kama sisi. Mei 1944 Stalin aliwakusanya wote kwa siku chache, akawasingizia usaliti, akawapakia kwenye mabehewa ya mizigo na kuwatupa Asia ya Kati, wengi wao Uzbekistan. Maelfu walikufa. Majina ya vijiji yakafutwa, watu wengine wakaletwa. Nilipopita tena nilisoma mbao za vituo kwa jicho jingine. Miti ya matunda niliyoisifia ilikuwa imepandwa na watu ambao hawakuruhusiwa kurudi kuichuma. Serikali iliyomjali bibi wa ndoo ndiyo iliyomfukuza bibi aliyekuwapo kabla yake. Sijaweza kuyatenganisha mambo hayo mawili, na sidhani yanafaa kutenganishwa.

Perevalnoye ilinigusa kwa njia nyingine pia. Tangu 1965 jeshi la Kisovieti lilikuwa na chuo hapo cha kuwafundisha wapigania uhuru wa Afrika. Siku moja ya baridi kali walipanda vijana weusi wachache, makoti mazito, kofia za manyoya. Mmoja alikaa nyuma yangu. Alinisikia nikizungumza na mwenzangu, akauliza kwa Kiswahili chenye lafudhi ya kusini: “Ndugu, ninyi ni wa wapi?” Nikasema Morogoro. Alicheka kwa sauti mpaka abiria wakageuka. Alikuwa amekaa kambini Kongwa, na Morogoro alipafahamu vizuri. Chama chake, ANC cha Afrika Kusini, kilikuwa na ofisi kwetu na kilifanya mkutano wake mkubwa hapo 1969. Aliuliza kama mawingu bado yanakaa juu ya kilele cha Lupanga mchana kutwa. Sikumuuliza jina, naye hakulitaja. Alinitajia tu kwamba Johannesburg nayo ilikuwa na mabasi ya nyaya, ila kule mtu mweusi hakupanda analotaka.

Nilirudi nyumbani 1980. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia, bei ya mafuta duniani imepanda, na nchi haikuwa na fedha za kigeni za kununulia dizeli wala matairi. Magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Mabasi yalikaa juu ya mawe. Na wakati huohuo mkoa wetu ulikuwa ukitoa umeme mwingi kuliko mkoa wowote: bwawa la Kidatu kwenye Ruaha Mkuu lilianza kuzalisha 1975, na upanuzi wa 1980 ukalifikisha zaidi ya megawati 200. Njia ya volti 220,000 ilitoka Kidatu, ikapita tambarare chini ya milima yetu, ikaja Morogoro na kuendelea Dar es Salaam. Nilipokwenda kumsalimu mjomba nilipita karibu na minara yake. Umeme wa maji, wa nchini, usiohitaji meli ya mafuta, ulikuwa ukipita bondeni, na mama bado alikuwa na tenga kichwani.

Nilimweleza rafiki yangu mhandisi habari za trolibasi. Nilichora na ramani: Morogoro, Sangasanga, Mzumbe, Langali, Nyandira. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akaanza kuhesabu. Nyaya za shaba, nguzo, vituo vidogo vya umeme kila baada ya kilometa chache, barabara ambayo hata lami haina. Alisema gharama hiyo hulipwa na abiria wengi wa kutwa nzima, na Mgeta ina abiria wengi siku ya gulio. Akamalizia: “Na shaba hiyo, daktari, usiku ingelala wapi?” Tulicheka. Hesabu yake ilikuwa sahihi, na mpaka leo sina la kumpinga. Hata Moscow, uliokuwa na mtandao mkubwa wa trolibasi kuliko miji yote duniani, uliziondoa karibu zote 2020 na kuleta mabasi ya betri. Njia ya Crimea ingali inafanya kazi, ingawa rasi yenyewe ilinyakuliwa na Urusi 2014 na wanafunzi wenzangu wa zamani hawazungumzi tena wao kwa wao.

Kwa hiyo sikuwa nikililia nyaya. Nilikuwa nikililia kituo. Reli ya Wajerumani iliyofika Morogoro 1907 ilijengwa ili kuchukua mazao ya walowezi na kupeleka askari bara, lakini ilisimama, na kila iliposimama palizaliwa soko. Minara ya Kidatu haikusimama. Nimetumikia hospitali za mkoa huu miaka mingi, na nimewapokea kina mama waliojifungulia njiani, na wakulima walioanguka na mizigo, kwa sababu gari lingeondoka likijaa na lilikuwa halijajaa. Ugonjwa wao hauko kwenye vitabu nilivyosoma Simferopol, ila dawa yake niliiona kule: gari linaloondoka saa ya kuondoka, lijae lisijae, na kibanda cha kulingojea.

Treni yetu mpya naisifu. Nimeipanda. Inakwenda hadi kilometa 160 kwa saa, na ile ya kawaida husimama Ngerengere, Ruvu, Soga na Pugu, jambo jema. Stesheni ya Kihonda imeezekwa kwa mapaa yaliyochukua umbo la milima ya Uluguru. Ukitoka nje unaiona milima yenyewe, na kabichi ya milima hiyo bado inashuka kwa bodaboda, na huko ndanindani kwa kichwa, mpaka ikutane na gari.

Mwaka jana nilikwenda Nyandira nikampata mpwa wangu, mtoto wa dada, ambaye siku hizi ananunua mboga za wenzake na kuzipeleka Morogoro. Sasa mimi ndiye mjomba, kwa hiyo nilisikilizwa. Nilimsimulia yote: senene, kopeki 4, mpito wa Angarsky, bibi wa ndoo za cheri. Alinisikiliza huku akifunga karoti kwa kamba ya mgomba. Nilipomaliza aliuliza: “Mjomba, huyo bibi alijuaje kwamba gari litakuja?”

Nikamwambia saa zilikuwa zimeandikwa kwenye ubao.

“Hizo nyaya waachie wenyewe,” akasema. “Mimi nipe huo ubao.”